Mlaji, mtumiaji, mteja au mnunuzi: uandike neno lipi?

Kaka yangu alimnunulia mama birika la umeme. Alilipa kwa simu, akapewa risiti yenye jina lake, akalituma kijijini kwa basi la asubuhi. Mama ndiye aliyelichomeka ukutani, na siku ya nne mpini ukachomoka akiwa amelinyanyua kumimina chai. Maji ya moto yakamwagikia mguuni. Nilipolirudisha dukani, kijana wa kaunta aliisoma risiti mara mbili, kisha akaniambia kwa upole, "Dada, mteja wetu ni huyu aliyeandikwa hapa. Aje mwenyewe."

Kazi yangu ya kila siku ni kuandika na kutafsiri matangazo, vipeperushi na karatasi za maelekezo ya matumizi. Nimeandika "mteja" mara nyingi mno bila kuwaza. Siku ile nilimwona mama yangu akiachwa nje ya mlango na neno hilohilo: hakuwa mteja wala mnunuzi, ingawa aliyeungua ni yeye.

Kiingereza kinawakusanya watu hawa wote chini ya neno consumer, lililotokana na Kilatini consumere, yaani kukimaliza kitu kwa kukila au kukitumia. Kwetu yako maneno manne, kila moja lina wanaolitetea. Wenzangu wanaoandikia ofisi, redio na vyama vya ushirika wananiuliza kila mara waandike lipi, nami nimezoea kuwarudishia maswali kwanza.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kuchagua

La kwanza, na kwangu ndilo zito kuliko yote: neno hili linamwingiza nani, na linamwacha nani nje? La pili: linasimama peke yake, au msomaji atauliza "wa nini?" La tatu: mtaani lina maana gani nyingine inayoweza kulivuruga? La nne: nani amekwisha kulizoea? Neno ambalo sheria, soko au ofisi imelizoea lina nguvu zake hata kama wewe hulipendi.

Mlaji

Anayeingia hapa ni yule ambaye kitu kinaishia kwake. Wahasibu na maofisa wa kodi wanamwita "mlaji wa mwisho", na ukitaka kulielewa neno hili vizuri, fuata safari ya mche wa sabuni. Kiwanda kinauza kwa mfanyabiashara wa jumla, wa jumla anamuuzia wa rejareja, wa rejareja anakuuzia wewe. Kila aliyesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, anailipa anaponunua na kuitoza anapouza, kisha anapeleka serikalini tofauti iliyobaki. Wewe huuzi tena. Sabuni inayeyukia kwenye karai lako, na kodi haina mtu mwingine wa kupelekewa. Hakuna neno lingine kati ya haya manne linaloeleza jambo hilo kwa usahihi kama mlaji.

Ndiyo maana limeshika mizizi katika sheria na uchumi wa Tanzania. Tume ya Ushindani inapoeleza kazi zake kwa Kiswahili husema inamlinda mlaji. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamwona kuwa ni anayenunua bidhaa au huduma si kwa ajili ya kuiuza tena, wala kuitumia kuzalisha kitu cha kuuza. Mpaka huu unapita katikati ya mtu mmoja. Mama lishe akinunua gunia la mchele la kupikia wateja wake, kwa gunia hilo si mlaji kwa maana ya sheria. Jioni akipima kilo moja ya kupeleka nyumbani kwa watoto, kwa kilo hiyo ni mlaji.

Neno linasimama peke yake bila msaada. "Haki za mlaji" ni maneno mawili tu, na mhariri wa vichwa vya habari atakushukuru.

Tatizo liko kwenye swali la tatu. Kula kwa Kiswahili ni bahari. Gari linakula mafuta, simu inakula chaji, jokofu linakula umeme, fedha za mradi zimeliwa, fulani kapata ulaji. Kuna mkutano wa kijiji ambapo nilisoma kipeperushi cha "haki za walaji", mzee mmoja akanyanyua mkono akauliza kwa uchungu kabisa kwa nini watu waliokula fedha za kisima wapewe haki. Hakukosea Kiswahili. Katika methali zetu mla ndiye mwenye kufaidi, na tena ndiye mwenye kudaiwa: mla mbuzi hulipa ng'ombe. Ukitaka kumtetea mtu aliyeuziwa mafuta ya kupikia yaliyochakachuliwa, kumwita mlaji mbele ya wasiolizoea neno ni kuanza kesi yake vibaya.

Pamoja na hayo, siwaungi mkono wanaosema mlaji ni tafsiri mbovu. Kula kwetu kuna maana ya kumaliza, kama ile ya Kilatini. Wanafunzi nao wanalijua neno hili kutoka somo la sayansi, pale mimea inapoitwa wazalishaji na wanyama walaji. Linamfaa anayeandika kuhusu kodi, bei, sera, mnyororo wa thamani, na anayewaandikia wasomaji waliokwisha kukutana nalo.

Mtumiaji

Huyu ndiye mama yangu. Mtumiaji ni anayekishika kitu, akakiwasha, akakivaa au akakinywa, alipe yeye au alipe mwingine. Mtoto aliyenyweshwa dawa ya kikohozi yumo, mpangaji anayelipiwa maji na mwenye nyumba yumo, mtembea kwa miguu naye yumo katika "watumiaji wa barabara", ingawa barabara hakuna aliyeinunua. Kwa upana wa mlango, neno hili halina mpinzani. Upana huo una upande wake wa pili: aliyejiunganishia umeme kinyemela usiku naye ni mtumiaji, na mwandishi wa sheria lazima aseme waziwazi kama anamkusudia.

Tanzania ina mabaraza kadhaa ya kuwasemea watu mbele ya mamlaka za udhibiti, na manne kati yake yamechagua neno hili. Liko Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, liko la watumiaji wa huduma za mawasiliano, liko la usafiri wa ardhini, liko la usafiri wa anga. Soma majina hayo polepole utaona udhaifu wake umejionyesha wenyewe: hakuna hata moja lililoishia kwenye "watumiaji". Neno linadai mkia. Watumiaji wa nini?

Ukilikata mkia, mtaa unaliunganisha wenyewe. Kwenye sherehe mtu akiuliza "Unatumia?" anauliza kama unakunywa pombe, na jibu ni "Situmii." Akina mama wawili wakinong'ona kwamba kijana wa jirani "anatumia", hawazungumzii sabuni, ni dawa za kulevya. Kliniki nako "anayetumia dawa" ana maana yake. Niliwahi kupitia rasimu ya bango lililoandikwa kwa herufi kubwa ELIMU KWA WATUMIAJI, likiwa na picha ya kijana ameinamia simu. Lilihusu vifurushi vya intaneti. Tuliongeza maneno mawili, "wa simu", na bango likaacha kumtuhumu kijana wa watu.

Liko na jambo dogo la mkono na jicho ambalo anayeandika kuhusu fedha za simu lazima alikague: mtumaji na mtumiaji vinatofautiana kwa herufi moja. Kutumia kumezaliwa na kutuma, na ndiyo maana "nitumie" inaweza kuwa niletee au nifanyie kazi. Katika masharti ya huduma, "mtumaji atahakikisha namba kabla ya kuthibitisha" na "mtumiaji atahakikisha namba" si sentensi moja. Ya kwanza inambebesha jukumu anayepeleka fedha, ya pili inaweza kumgusa hata anayepokea. Herufi ikidondoka, kosa linahama mtu.

Kenya utasikia mtumiaji na pia mtumizi, hasa redioni. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinatoa haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaoridhisha, kupata taarifa, kulindwa afya, usalama na maslahi ya kiuchumi, na kufidiwa hasara au jeraha litokanalo na kasoro. Kinazigusa huduma za taasisi za umma pamoja na za watu binafsi. Kwa haki pana namna hiyo, neno linaloanzia kwenye matumizi linakaa vizuri zaidi kuliko linaloanzia kwenye malipo.

Mtumiaji linamfaa anayeandika kuhusu usalama wa bidhaa, huduma za umma, maji, umeme, mawasiliano, maelekezo ya kifaa. Sharti ni hilo moja: lipe mkia wake.

Mteja

Mteja ni neno lenye joto. Ukipita sokoni muuza nyanya anakuita, "Mteja wangu, wiki hii umenisusa?" Wewe unacheka, unasimama, na fungu linaongezwa nyanya moja. Wakili ana wateja, mganga ana wateja, msusi ana wateja, benki pia. Ofisi za serikali ya Tanzania zinatundika ukutani Mkataba wa Huduma kwa Mteja, na kila Oktoba ikifika Wiki ya Huduma kwa Wateja keki zinakatwa kwenye kaunta. Linasimama peke yake, na hakuna wa kutafsiriwa, kuanzia bibi wa miaka 80 hadi mtoto aliyetumwa dukani chumvi.

Mtaani lina mambo mawili ya kuangalia. Kenya, kwa sababu ya ile sauti ya simu inayosema mteja wa nambari uliyopiga hapatikani, watu wamelifanya neno lenyewe kuwa hali: "Nimempigia tangu asubuhi, ni mteja tu." Na Tanzania teja ni mtu aliyezama kwenye dawa za kulevya, wingi wake mateja. Kiambishi kinatofautisha, lakini kwenye tangazo linalosomwa kwa sauti mbovu ya spika ya gari, tamka "wateja" vizuri.

Sasa swali la kwanza. Mteja daima ni wa mtu. Wangu, wetu, wa benki, wa saluni. Ndani ya neno kuna uhusiano, na uhusiano una pande mbili zinazojuana. Aliye nje yake hana pa kushika. Kijana wa kaunta hakunidanganya aliposema mama si mteja wao. Ndiyo sababu pia baraza linalosemea watu wote wenye laini za simu haliwezi kujiita la wateja, kwa kuwa kila kampuni ingesema wateja hao ni wetu na sisi tunawahudumia.

Hospitalini siku hizi mgonjwa huitwa mteja, na hapo nimegawanyika. Kwenye chumba cha ushauri nasaha na upimaji ni neno la heshima, kwa sababu anayeingia anaweza kuwa mzima kabisa, na kumwita mgonjwa ni kumhukumu mapema. Lakini mama aliyefikishwa usiku kwa bodaboda na uchungu wa kujifungua hakuja kuchagua kati ya kituo hiki na kile. Huyo ningemwita mama, au mgonjwa, ningeliacha neno la biashara nje ya mlango wa wodi.

Mteja linamfaa mwenye duka, mwenye ofisi, mwenye ukurasa wa biashara mtandaoni, yeyote anayezungumza na watu wake mwenyewe kuhusu huduma yake mwenyewe.

Mnunuzi

Hili halina mengi. Mnunuzi ni aliyetoa fedha, basi. Linasimama peke yake, halina maana ya uchochoroni, na kwenye mkataba wa mauziano ya kiwanja au gari, muuzaji na mnunuzi ndio wenye karatasi. Linakwenda pamoja na risiti, kama walivyozoea kutukumbusha watoza kodi: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti.

Linamwacha nje kila asiyelipa mwenyewe, na hao majumbani mwetu ni wengi. Tena ukienda Mtwara au Lindi msimu wa korosho, "wanunuzi" ni makampuni yanayoshindana kwenye mnada wa stakabadhi ghalani, yaani wa korosho ambazo wakulima wamekwisha kuzihifadhi ghalani. Mkulima akisikia redioni kwamba wanunuzi walindwe, atashangaa nani atamlinda yeye. Kwa wasomaji wa maeneo ya mazao usilitumie kwa maana ya mtu wa kawaida anayeishi kwa bidhaa za dukani.

Yapime kwa haki nne

Ukibaki njia panda, jaribu hivi. Tarehe 15 Machi 1962 Rais John F. Kennedy alipeleka ujumbe kwenye Bunge la Marekani akizitaja haki nne za hao Kiingereza kinaowaita consumers: ya usalama, ya kupata taarifa, ya kuchagua na ya kusikilizwa. Alisema pia kwamba kundi hili, kwa maana yake lenyewe, linatujumuisha sote. Tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa duniani tangu 1983 kama siku ya haki zao, na kwetu matangazo yake hutoka mara kwa jina la mlaji, mara kwa jina la mtumiaji.

Chukua neno lako ulipitishe kwenye haki hizo. "Mnunuzi ana haki ya kuchagua" inakaa bila tabu. "Mnunuzi ana haki ya usalama" inapwaya, maana aliyeungua anaweza asiwe yeye. "Mteja ana haki ya kusikilizwa" ni ahadi nzuri ya duka, ila duka lenyewe ndilo linaloamua nani mteja. "Mlaji ana haki ya kupata taarifa" ni sawa kwenye waraka wa wizara, na kwenye mkutano wa kijiji itahitaji dakika mbili za maelezo. "Mtumiaji wa bidhaa au huduma" inapita kote nne, kwa gharama ya maneno marefu. Fanya hivyo kwa sentensi yako mwenyewe, maana kila sentensi ina haki yake moja inayoisukuma mbele.

Kulingana na unachoandika

Kama ni taarifa ya kodi, bajeti au bei za bidhaa, mlaji litakuhudumia vizuri, hasa ukianza na "mlaji wa mwisho" mara ya kwanza kisha ukaliacha litembee peke yake.

Kama unasimama mbele ya watu, mkutanoni au redioni, na hujui wamezoea nini, usianze na neno lolote kati ya haya. Sema "wewe unayenunua na unayetumia" mara mbili tatu, ndipo ulete jina. Watu hukubali jina la kitu walichokwisha kukiona.

Kama ni tangazo la maji au umeme la mtaa, fikiria nyumba yenye mita moja na wapangaji sita. "Wateja mnaarifiwa" linamfikia mwenye nyumba ambaye jina lake liko kwenye ankara. "Watumiaji wote wa maji mnaarifiwa" linamfikia na yule wa chumba cha nyuma anayechota kwa ndoo. Likiwa tangazo la deni, la kwanza ndilo la haki. Likiwa la kwamba maji yachemshwe kabla ya kunywa, la pili ndilo linalookoa tumbo la mtoto.

Kama unauza keki, nguo au simu mtandaoni, andika mteja na ufurahi nalo.

Kama unatafsiri sheria au kanuni, kazi ambayo Tanzania imeongezeka tangu Kiswahili kifanywe lugha ya sheria mwaka 2021, fuata kwanza neno lililokwisha kutumika katika sheria mama, yaani ile iliyozaa kanuni hizo, hata kama moyo wako uko kwingine. Kubadili mlaji kuwa mtumiaji katikati ya kanuni kunampa wakili mjanja nafasi ya kudai kwamba ni watu wawili tofauti. Ukiwa huru kuchagua, chagua moja, liwekee maana kwenye kifungu cha tafsiri, kile kinachofafanua maneno ya sheria, useme waziwazi kama anayeandaa bidhaa za kuuza yumo au hayumo, na kama asiyelipa yumo.

Na kama ni karatasi ya waranti ya kifaa cha nyumbani, kile kinachonunuliwa na mtoto wa mjini na kutumiwa na mzazi wa kijijini, mimi huwashauri wenye maduka waweke sentensi moja. Kaka alilazimika kuomba ruhusa kazini siku nzima ili aende mwenyewe dukani na kitambulisho, ndipo birika likabadilishwa. Sentensi yenyewe ni hii: "Waranti hii ni ya mnunuzi na ya mtu yeyote anayekitumia kifaa hiki, atakayeleta kifaa pamoja na risiti atahudumiwa, jina lolote liwe kwenye risiti." Maduka mawili niliyowaandikia wameikubali bila kubadilisha neno.